Bayume Mohamed Husen: Mwalimu wa Kiswahili Aliyefia Sachsenhausen

Utangulizi

Historia ya ufundishaji wa Kiswahili katika Ujerumani imezoeleka kuelezwa kwa kuwataja maprofesa: Büttner, Velten, Meinhof, Westermann. Wale waliokaa kando ya maprofesa hao, wakiwasomea wanafunzi kwa sauti, wakisahihisha matamshi na kujibu maswali ya sarufi ambayo hakuna mzawa wa lugha aliyewahi kujiuliza, hutajwa kwa nadra. Hata wanapotajwa, orodha yao kwa kawaida hukomea kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli. Makala haya yanakusudia kuyaeleza maisha ya mmoja aliyekuja baada ya Mtoro: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye alifundisha Kiswahili katika Berlin wakati wa utawala wa Wanazi na kufa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Sababu ya kumwandika si kuujaza mwanya katika orodha tu. Mateso waliyofanyiwa Wayahudi chini ya utawala wa Hitler hufundishwa katika shule zetu kama habari ya mbali, jambo lililotokea baina ya Wazungu na Wazungu. Mwanafunzi wa Ushetu, katika Wilaya ya Kahama, aweza kumaliza kidato cha nne akiujua mwaka ambao Hitler alishika madaraka, asijue kwamba sheria zilizotungwa ili kuwatenga Wayahudi zilimnasa pia mtu aliyezaliwa Dar es Salaam. Wala hatajua kwamba sehemu ya fikra iliyomo katika sheria hizo ilikwisha kujaribiwa mapema zaidi, katika nchi hii hii anayoishi. Ushetu haimo katika wasifu wa Husen. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, dai lililompeleka Ulaya lilikuja kulipwa mahali ambapo mzee wa Ushetu angeweza kufika kwa basi.

Mtoto wa efendi

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa Msudani mwenye cheo cha efendi katika jeshi la koloni la Kijerumani, cheo cha juu kabisa alichoweza kukipata Mwafrika katika jeshi hilo. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka 1889 Wissmann, alipotumwa kuuzima upinzani wa Bushiri bin Salim katika pwani, aliajiri mamia ya askari wa Kisudani kutoka Misri. Hao ndio waliokuwa msingi wa jeshi, kisha polepole wakaingizwa watu wa bara: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Kwa hiyo familia za askari zilikuwa na hadhi yake ya pekee. Zilikuwa karibu na serikali na mbali na wananchi, zikiogopwa na wananchi hao bila ya kuaminiwa na serikali yenyewe.

Mahjub alijifunza Kijerumani na, angali mtoto, akafanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo huko Lindi. Vita vilipozuka mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka kumi. Baba na mwana wote wawili waliingia jeshini, mtoto akiwekwa miongoni mwa wanafunzi wa kupeleka ishara.

Vita hivyo havikuiacha sehemu yoyote ya nchi. Katika magharibi, mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalishuka kutoka Biharamulo kuelekea Tabora, na safu ya Waingereza ikateremka kutoka Mwanza kupitia Shinyanga. Watu wa Kahama, ambao baba zao walikuwa mashuhuri kwa upagazi wa misafara, walitakiwa sasa wabebe mizigo ya vita. Idadi ya wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi katika vita ile, kwa pande zote, ilipita mbali idadi ya askari waliouawa kwa risasi. Mahjub alikuwa kusini. Mnamo Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, karibu na Lindi, mapigano ambayo Waafrika wa upande mmoja na Waafrika wa upande mwingine waliuana kwa siku nne, akachukuliwa mateka na Waingereza. Alikuwa hajatimiza miaka kumi na minne.

Malimbikizo ya mshahara

Baada ya vita alifanya kazi za utumishi katika meli, na mwaka 1925 alikuwa mhudumu katika meli ya kampuni ya Kijerumani iliyosafiri Afrika Mashariki. Mwaka 1929 alifika Berlin akiwa na shughuli mahsusi: kudai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba muda wa kuwasilisha madai ulikwisha kupita.

Angeweza kurudi nyumbani. Hakurudi. Alipata kazi ya uhudumu katika jumba la starehe lililoitwa Haus Vaterland, akajiita Bayume Mohamed Husen, na baadaye akaanza kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki ya Chuo Kikuu cha Berlin, alikokuwa Profesa Diedrich Westermann. Seminari hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1887, ilikuwa na desturi ya kumweka mzawa wa lugha kando ya profesa. Malipo ya mzawa huyo yalikuwa kidogo na cheo chake kilikuwa cha chini. Wanafunzi wake walikuwa pamoja na maofisa na polisi waliotarajia kwamba siku moja Ujerumani itarudishiwa makoloni yake.

Hapa inafaa kumrejea Mtoro, kwa kuwa yaliyompata yanaangaza yatakayofuata. Mtoro alifundisha katika Seminari hiyo hiyo kuanzia mwaka 1900, na mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Walipojaribu kwenda kuishi Afrika Mashariki, utawala wa koloni, ukisukumwa na ghadhabu ya walowezi, haukuwaruhusu waishi humo kama mume na mke. Ikawabidi warudi Ujerumani, na Mtoro akafa huko mwaka 1927 bila ya kuiona tena nchi yake. Mwaka 1906 ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku katika koloni letu, kama ilivyokwisha kufanywa mwaka uliotangulia katika koloni la Kusini-Magharibi mwa Afrika. Katika Ujerumani yenyewe sheria ya aina hiyo haikuwapo wakati ule. Kwa maneno mengine, mtu aliyezuiwa kuwa mume wa mkewe katika Dar es Salaam aliweza kuwa mume wake katika Berlin. Baada ya miaka thelathini hivi, katazo lililotungwa kwa ajili ya Dar es Salaam lilipata mwenzake Berlin.

Siku tatu

Husen alifunga ndoa na Maria Schwandner tarehe 27 Januari 1933. Tarehe 30 Januari Hitler aliteuliwa kuwa kansela. Laiti wangechelewa kwa miaka mitatu, ndoa hiyo isingewezekana kabisa. Walizaa mtoto wa kiume, Ahmed, mwaka 1933, na wa kike, Annemarie, mwaka 1936. Mwaka huo wa 1933 Husen alipata pia mtoto mwingine wa kiume, Heinz Bodo, kwa mwanamke mwingine wa Kijerumani, na Maria akamlea mtoto huyo nyumbani mwake. Sioni sababu ya kuficha jambo hili. Husen hakuwa mtawa, na wala haki ya mtu kuishi haipimwi kwa uadilifu wake wa ndoa.

Mji aliokuwa akiishi ulibadilika haraka. Mwaka 1933 Berlin ilikuwa na Wayahudi wapatao 160,000. Mwezi wa Aprili ilitoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa serikali, vyuo vikuu vikiwa ndani yake. Eugen Mittwoch, mtaalamu wa Kiarabu na wa lugha za Uhabeshi ambaye aliwahi kuiongoza Seminari ya Lugha za Mashariki, alikuwa Myahudi. Aliondolewa katika kazi yake, na mwishowe akakimbilia London, alikofia mwaka 1942. Hivyo mwalimu wa Kiswahili alibaki katika taasisi ambayo mmoja wa waliokuwa wakuu wake alifukuzwa kwa sababu ya nasaba. Mtaa wa Brunnenstraße, ambako Husen aliishi, ulipakana na eneo la Scheunenviertel, makazi ya Wayahudi maskini waliotoka mashariki mwa Ulaya. Kwa hiyo hakuhitaji gazeti ili ayajue yaliyokuwa yakitendeka.

Mnamo Septemba 1935 zilitangazwa Sheria za Nuremberg. Moja iliwavua Wayahudi uraia kamili. Nyingine iliharimisha ndoa na uhusiano wa kimwili baina yao na wale walioitwa wenye damu ya Kijerumani. Katika ufafanuzi uliotolewa Novemba mwaka huo huo, serikali ilieleza kwamba makatazo hayo yanawahusu pia Waroma na watu weusi. Watu waliotoka katika makoloni ya zamani walinyang'anywa pasipoti za Kijerumani wakapewa hati za wageni. Mnamo mwaka 1937 mamia ya vijana wa Rhineland, waliozaliwa na mama wa Kijerumani na baba waliokuwa wanajeshi wa Kiafrika na wa Kiasia wa jeshi la Ufaransa, walihasiwa kwa siri.

Ni lazima tuseme wazi mahali ambapo mlinganisho unakoma. Wanazi walikuwa na mpango wa kuwaangamiza Wayahudi wote wa Ulaya, na waliwaua milioni sita. Kwa watu weusi wa Ujerumani, ambao walikuwa maelfu machache tu, mpango wa namna hiyo haukuwapo. Waafrika waliotoka katika makoloni walikuwa hata na aina ya kinga: Wizara ya Mambo ya Nje na ofisi ya chama iliyoshughulikia siasa ya makoloni ziliwahitaji. Ujerumani ilidai irudishiwe makoloni yake kwa hoja kwamba wenyeji waliipenda, na ushahidi mkuu wa hoja hiyo alikuwa askari mwaminifu, yule aliyemfuata Lettow-Vorbeck hadi mwisho. Hoja hiyo ilihitaji sura. Husen alikuwa nayo.

Askari mwaminifu

Sehemu hii ya maisha yake ndiyo inayomtatiza mwandishi wa Kiafrika. Mwaka 1934 Husen aliomba apewe nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele. Alikataliwa. Basi akajipatia nishani mwenyewe, na akawa anahudhuria mikutano ya wapenda makoloni akiwa amevaa sare na nishani kifuani. Alipopoteza kazi yake ya uhudumu mwaka 1935, alijiunga na maonyesho yaliyojulikana kama Deutsche Afrika-Schau, ambayo yalizunguka miji ya Ujerumani yakiwaonyesha watu weusi wakicheza ngoma. Maonyesho hayo yaliwapa riziki watu ambao hawakuruhusiwa kuipata kwingine, na papo hapo yakawarahisishia wakubwa kuwachunga. Yalifungwa mwaka 1940. Vita vilipozuka tena mwaka 1939 aliomba aandikwe jeshini. Alikataliwa tena.

Wapo watakaosema kwamba alikuwa kibaraka, na neno hilo si geni katika uhakiki wetu. Nadhani linafunika zaidi kuliko linavyofunua. Mtu huyu alikuwa na kitu kimoja tu ambacho dola ile ilikithamini, nacho ni hadithi ya uaminifu wake. Aliitumia kama vile mdai anavyoutumia mkataba: aliidai mishahara, aliidai nishani, aliidai nyongeza ya malipo chuoni. Kila alipokataliwa alirudi na dai jingine. Walimtaka mwaminifu asiyedai kitu. Huyu alidai, tena kwa maandishi. Kuna tofauti kati ya kuiamini hadithi na kuishi kwa kuiuza, na sidhani kwamba Husen mwenyewe aliweza siku zote kuupambanua mpaka huo.

Aliiuza pia katika filamu. Kati ya mwaka 1934 na 1941 alionekana katika filamu zisizopungua 23, mara nyingi kama mhudumu, mpagazi au mtu wa kupita tu nyuma ya wahusika. Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwisho: uhusika wa Ramasan katika filamu ya Carl Peters, iliyoongozwa na Herbert Selpin na kutolewa Machi 1941, ambamo Hans Albers aliigiza kama Peters. Filamu hii yastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndani yake chuki mbili zinakutana. Peters, aliyezunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami mwaka 1884 akikusanya mikataba ya ulaghai, anaonyeshwa kuwa shujaa. Maadui wake ni wanasiasa wa Berlin, na miongoni mwao waovu kupita wote ni Wayahudi waliomo serikalini, wanaochorwa kuwa wasaliti wa taifa. Mwafrika anayempenda bwana wake na Myahudi anayemhujumu wamewekwa katika hadithi moja kwa makusudi: mmoja ahalalishe koloni, mwingine ahalalishe kufukuzwa kwake mwenyewe. Wakati filamu ilipokuwa ikionyeshwa, Wayahudi wa Berlin walibakiwa na miezi michache tu kabla ya treni ya kwanza ya kuwahamisha, iliyoondoka Oktoba 1941.

Peters wa kweli aliitwa Mkono wa Damu. Kule Kilimanjaro, mwaka 1891, alimnyonga mtumishi wake aliyeitwa Mabruk, na baadaye msichana Jagodia. Yeye alitaja kosa la wizi. Jambo hilo lilipofika katika bunge la Ujerumani, Machi 1896, ilidaiwa kwamba shina la hasira yake lilikuwa uhusiano wa Mabruk na Jagodia, ambaye Peters alikuwa amejiwekea. Alifukuzwa kazi mwaka 1897, na Hitler akamrudishia heshima yake miaka arobaini baadaye. Mabruk hamo katika filamu kama alivyokuwa. Mahali pake yupo Ramasan, mwaminifu.

Kukamatwa

Mnamo Agosti 1941, miezi michache baada ya filamu hiyo kutolewa, Husen alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri, kwa shtaka la kuinajisi mbari. Alikuwa na uhusiano na mwanamke Mzungu. Ajira yake chuoni ilikuwa imekwisha. Ahmed na Annemarie walikuwa wamekufa, mmoja mwaka 1938, mwingine mwaka 1939. Hakupelekwa mahakamani. Shtaka lenyewe lilikuwa limetungwa kwa ajili ya Wayahudi, na ndilo lililowajaza wengi wao magerezani tangu mwaka 1935. Kwa Mwafrika, polisi hawakuona haja ya hakimu. Alipelekwa moja kwa moja Sachsenhausen.

Kambi hiyo, iliyojengwa mwaka 1936 kaskazini mwa Berlin katika mji wa Oranienburg, ilipitisha wafungwa zaidi ya 200,000 hadi mwaka 1945. Mnamo Novemba 1938, baada ya masinagogi kuchomwa, Wayahudi wapatao 6,000 waliingizwa humo kwa mkupuo. Katika majira ya vuli ya mwaka 1941, yaani katika miezi ya mwanzo ya Husen kambini, mateka wa vita wa Kisovieti zaidi ya 10,000 waliuawa humo. Mnamo Oktoba 1942 wafungwa wa Kiyahudi karibu wote waliondolewa wakapelekwa Auschwitz. Husen aliyaishi haya yote. Alidumu kwa miaka mitatu na zaidi, muda ambao wengi walioingia pamoja naye hawakuufikia, na alikufa miezi mitano kabla ya kambi kukombolewa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini. Heinz Bodo, mtoto pekee aliyebaki, naye hakuuvuka mwaka 1945.

Kwa nini kinga yake ilikoma mwaka 1941? Jibu jepesi ni kwamba aliivunja sheria. Lakini ndoa yake yenyewe, ingawa haikutenguliwa, ilikuwa tusi kwa sheria hiyo kwa miaka sita, na aliachwa. Naona inatosha kusema kwamba kinga ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Ramasan, na kazi ya Ramasan ilikuwa imekwisha.

Baada yake

Kwa miongo mingi jina lake halikutajwa. Mwaka 2007 liliwekwa bamba dogo la shaba katika njia ya miguu mbele ya nyumba namba 193, Brunnenstraße, miongoni mwa maelfu ya mabamba kama hayo ambayo mengi yana majina ya Wayahudi. Mwaka huo huo mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha wasifu wake kwa Kijerumani, na mwaka 2013 Eva Knopf akatengeneza filamu juu yake kwa kutumia picha za filamu zile zile ambazo Husen hupita nyuma ya wengine akiwa amebeba sinia.

Dai la mshahara lilibaki. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai, na ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Wazee wapatao 350 walifika. Mzee aliyetoka Ushetu angepita Kahama na Shinyanga, wa Geita angevuka ghuba kwa pantoni. Inasimuliwa kwamba wengi wao hawakuwa na hati yoyote, wachache walikuja na mabaki ya sare, na kwamba mlipaji alimpa kila mmoja ufagio badala ya bunduki, akamwamrisha kwa Kijerumani atekeleze gwaride. Wote waliyakumbuka maneno ya amri, wakalipwa.